Maswali ya Jikoni: Mgeni kaomba sosi ya vitunguu, mimi nikampa mchuzi

Jamani wasomaji wangu, toleo lililopita niliigusa tu sosi ya vitunguu ya Wafaransa, mstari mmoja, tena nilikuwa naongelea samaki, nikadhani yameisha. Kumbe nimewasha moto! Barua karibu zote za mwezi huu zinauliza hiyo hiyo, kwa hiyo nimeamua ukurasa wote tuupe vitunguu, na mambo ya keki yatasubiri mwezi ujao.

Shikamoo Shangazi. Mimi napika kwenye gesti moja hapa Entebbe. Juzi tulipata wageni kutoka Ufaransa, mama mmoja mtu mzima akaniomba kwa heshima kabisa nimpikie sangara na sosi ya vitunguu, akaniandikia jina kwenye karatasi, "soubise". Mi nikakata vitunguu nikakaanga na nyanya, karoti na kitunguu saumu vile tunafanyaga siku zote. Alikula akashukuru ila niliona usoni siyo alichotaka. Kesho yake nikajaribu tena na maziwa nilivyoona kwenye simu, ikatoka rangi ya majivu, sikuthubutu kuipeleka mezani. Hiyo kitu ni nini hasa na nimekosea wapi? – Mpishi, Entebbe

Marahaba mwanangu. Kwanza nikwambie hukumpa yule mama chakula kibaya, ulimpa mchuzi wetu wa kukaangia ambao mimi ningekula na vidole ningelamba, ila yeye alikuwa anaongelea kitu cha ukoo mwingine kabisa. Hiyo inasomwa subiiz, na ni vitunguu vilivyopikwa kwa siagi polepole mpaka vimelegea bila kubadilika rangi, vikachanganywa na sosi nyeupe ya maziwa, vikachujwa vikawa laini kama uji wa mtoto. Hakuna nyanya wala kitunguu saumu, bizari ndo usiiguse kabisa. Utamu wote unatoka kwenye kitunguu chenyewe, na hapo ndo penye kazi manake hakuna kitu cha kujifichia.

Jina ni la mtu. Charles de Rohan, bwana mkubwa mwenye cheo cha "prince" wa Soubise, alizaliwa 1715 akafa 1787, na Soubise yenyewe ni mji mdogo upande wa magharibi wa Ufaransa. Alikuwa mkuu wa jeshi na rafiki wa mfalme Louis wa 15, na tarehe 5 Novemba 1757 alikuwa kati ya makamanda wawili walioshindwa vibaya sana na Frederick wa Prussia pale Rossbach ingawa wao walikuwa na askari karibu mara mbili ya wenzao. Vita ile imebaki kwenye vitabu vya wanajeshi, ila ukiingia jikoni popote duniani ukasema Soubise mtu anafikiria vitunguu. Nyumba ya ukoo wake bado ipo Paris na iko chini ya idara ya nyaraka za taifa. Sosi yenyewe watu wengi wanampa sifa mpishi wake, sio yeye, na mimi hilo naliunga mkono, mtu aliyesimama motoni apewe haki yake.

Sasa tupike. Nusu kilo ya vitunguu, menya, kata vipande vyembamba, tia kwenye maji yanayochemka yenye chumvi dakika tatu, mwaga maji. Usiruke hapo, hiyo inatoa ule ukali na kwa vitunguu vyetu inatoa na rangi pia, nitakueleza. Kausha vizuri kwenye chujio. Weka siagi gramu 50 kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, kama ni sigiri basi subiri makaa yawe na majivu juu, tia vitunguu, chumvi kidogo, sukari unayoweza kushika kwa vidole viwili, funika. Acha dakika 25 hivi, ukifunua funua unakoroga. Sikiliza sufuria mwanangu: ukisikia inapiga kelele ya kukaanga, chwaa chwaa, moto umezidi, unatakiwa usikie kama mtu ananong'ona tu, vitunguu vinatoka jasho ndani ya maji yao wenyewe. Ukiona hata kipande kimoja pembeni kimeanza rangi ya chai kitoe, manake hicho kimoja kinabadilisha ladha ya sufuria nzima ikawa sosi nyingine.

Pembeni tengeneza beshameli. Siagi gramu 25, ikiyeyuka tia unga wa ngano gramu 25, koroga dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi iondoke lakini bado mweupe, kisha maziwa mililita 300 kidogo kidogo huku unachapa usiache mabonge. Acha ichemke kimya dakika kumi, tia chumvi, kungumanga ya kukwaruza kidogo tu na pilipili manga, nyeupe kama unayo ili usione vidoti. Changanya na vitunguu, rudisha moto mdogo dakika 15, pitisha kwenye blenda halafu kwenye chujio ukisukuma na mwiko, malizia na kijiko cha krimu au siagi baridi. Chukua kijiko, kichovye, pitisha kidole nyuma yake: ule mstari ukibaki wazi bila sosi kuteremka kuuziba, imekuwa.

Na hiyo ya majivu. Mimi niliona kwa macho yangu zamani nilipokuwa najifunza kazi kwenye hoteli moja, tumepika sufuria kubwa kabisa ya watu 40, tumefunua, kijivu tii, mpishi mkuu akanyamaza tu akatoka nje, ile kimya yake bado naikumbuka. Sababu ni vitunguu vyetu vyekundu. Masoko yetu ya Kampala, Nakasero, Kalerwe, Owino, vitunguu utakavyokuta ni vyekundu, na ile rangi yake ya zambarau inaitwa antosayanini, nayo inabadilika kufuatana na kitu ulichoiweka ndani. Kwenye kitu kikali kama ndimu au siki inakuwa nyekundu ya waridi, ndo maana kachumbari ikilala na ndimu inapendeza. Kwenye maziwa, ambayo hayana ukali, inageuka buluu buluu, na buluu ndani ya nyeupe jicho linaona kijivu. Jaribu leo: maganda ya kitunguu chekundu chemsha kwenye maji, gawanya vikombe viwili, kimoja kamulia ndimu, kingine tia magadi kidogo, utaona vikombe viwili kama havijatoka sufuria moja.

Kwa hiyo ukiweza nunua vitunguu vyeupe au vya njano supamaketi, bei imesimama kidogo lakini kwa mgeni aliyeomba kwa jina inafaa. Ukikosa, vyekundu menya mpaka uondoe na zile tabaka mbili za juu, rangi nyingi iko huko, tabaka za ndani ni karibu nyeupe, na zile ulizotoa siyo za kutupa, zinaingia kwenye maharage ya jioni. Halafu ndo ule mchemsho wa dakika tatu na kumwaga maji. Na angalia sufuria, alumini ukiichapa na chuma inatoa weusi wake, tumia stiilesi au mwiko wa mti. Yule mama akirudi mwakani, au mwingine kama yeye, mpe na sangara wa kuchoma bila viungo vingi, utaniambia.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa Kiswahili Iganga. Tangu baraza la mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shule za msingi na sekondari, maswali ya wanafunzi hayaishi. Mmoja ameandika kwenye insha "nilikula posho na sosi ya maharage". Nilitaka kumkosoa kisha nikasita. Mchuzi, sosi, rojo, supu, kitoweo, vinatofautiana vipi? Na hiyo ya Wafaransa uliyoitaja tuiite nini kwa Kiswahili? – Mwalimu, Iganga

Mwalimu wangu, umefanya vizuri kusita. Swali lako ndo nimelipenda kuliko yote na nitakaa hapa kidogo.

Hapa Uganda mtu akisema sosi anamaanisha kitu kikubwa kuliko kile kilichomo kwenye chupa. Ingia mgahawa wowote Kampala saa saba mchana, dada anakuja anakuuliza chakula gani, unasema matoke na posho, yaani ugali, halafu anauliza "sosi gani?" na wewe unajibu nyama, au maharage, au samaki, au karanga. Samaki mzima na kichwa chake anaitwa sosi! Mtu akitoka Mombasa akisikia hivyo anaweza kusubiri aletewe tomato sosi. Lakini siyo ujinga wetu, hapana, ni Kiganda kinaongea ndani ya neno la Kiingereza. Kwa Kiganda sahani ina vitu viwili, emmere na enva. Emmere ni kile kinachoshibisha, matoke, muhogo, viazi, posho, na enva ni kile kinachokisindikiza, chochote kiwe, chenye maji au kikavu. Waacholi nao wana dek, kazi ni ileile. Wakati Kiingereza kilipoingia watu walitafuta neno la enva, wakapata sosi, likavaa nguo za enva mpaka leo.

Na Kiswahili, mwalimu, kinalo neno la enva tangu zamani, ni kitoweo. Kitoweo kinatoka kwenye kutowea, kula chakula kikavu pamoja na kitu cha kukilainisha na kukipa ladha. Kwa hiyo yule mwanafunzi mwandikie pembeni kwa upole, posho na maharage, au posho na kitoweo cha maharage, mwambie sosi yake ni kitoweo na usimwambie amekosea wazo, wazo ni sahihi kabisa. Wengine huko Tanzania wanasema mboga hata kwa nyama, mgeni anashangaa "leo mboga ni nyama", lakini ndo kazi hiyohiyo ya enva.

Mchuzi ni majimaji ya kitoweo, yale yanayobaki ukishatoa nyama na ambayo watoto wanagombania. Pwani mchuzi unaweza kuwa chakula kizima, mchuzi wa samaki, mchuzi wa kuku wa nazi. Sisi hapa yale majimaji tunayaita supu, "niongezee supu" na dada anakumwagia juu ya posho wala hakutozi, wakati pwani supu ni ile ya bakuli unakunywa asubuhi na chapati. Rojo ni mchuzi uliokuwa mzito, unashika kijiko, hautiririki ovyo, na Zanzibar wana urojo wao maarufu ambao jina limetoka hukohuko kwenye uzito. Chatini ni ya kuchovya, ina ukali na utamu, jina limekuja na Wahindi kutoka neno lao la kulamba, na achari nayo imekuja kwa njia hiyohiyo ya bahari.

Sosi yenyewe sasa. Ukifuatilia nyuma, Kiingereza kimeichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini, salsa, maana yake iliyotiwa chumvi. Saladi nayo imetoka kwenye chumvi hiyohiyo, na soseji pia. Waambie watoto darasani kwamba sosi, saladi na soseji ni ndugu wa tumbo moja na mama yao ni chumvi, hawatasahau.

Lakini tofauti kubwa kwangu mimi haiko kwenye neno, iko kwenye sufuria. Mchuzi wetu unazaliwa na kitu kinacholiwa: nyama inatoa mchuzi wake, maharage yanatoa mchuzi wake, huwezi kuwatenganisha mama na mtoto. Sosi ya Wafaransa mara nyingi inapikwa pembeni, kwenye sufuria yake, na inakutana na samaki au yai au nyama kwenye sahani. Ndo maana wao wana majina mengi sana ya sosi, manake kila moja inatakiwa iitwe peke yake, na sisi tunasema tu mchuzi wa kuku, mchuzi wa njegere, jina la kitu linatosha. Mpishi wao Carême, aliyekufa 1833, ndo alianza kuzipanga kwa koo, akataja nne za kwanza, na Escoffier kwenye kitabu chake cha 1903 akaendeleza kazi hiyo, mpaka leo wanafunzi wa upishi wanakariri tano: beshameli ya maziwa, veluti ya mchuzi mweupe wa mifupa, espanyoli ya mchuzi mweusi, ya nyanya, na holandezi ya mayai na siagi. Zilizobaki ni watoto wao. Subizi ni mtoto wa beshameli. Ukitia jibini badala ya vitunguu unapata morne, ndugu yake. Beshameli nayo ni jina la mtu, Louis de Béchameil, alisimamia nyumba ya mfalme Louis wa 14 akafa 1703, na unaona ni desturi yao, wapishi wanapika na mabwana wanaandikwa.

Kwa hiyo tuiiteje? Mimi ningesema rojo jeupe la vitunguu. Lina uzito, lina rangi, lina vitunguu, msomaji wa Iganga na wa Lamu wote wanaelewa bila kuuliza. Mchuzi wa vitunguu hapana, hapo mtu atafikiria kile alichopika mwenzetu wa Entebbe. Kwenye menyu ya hoteli andika subizi halafu chini yake rojo jeupe la vitunguu, basi.

Asalaam aleikum Shangazi. Nasoma upishi hapa Arua. Mwalimu ametupa sosi mbili zingine za vitunguu za Kifaransa, lionezi na robati, zote zina divai. Mimi Muislamu, na wateja nitakaowapikia wengi ni Waislamu. Wanasema pombe inaisha motoni, ni kweli? Na nifanyeje? – Mwanafunzi, Arua

Waaleikum salaam mwanangu. Haiishi yote, na anayekwambia inaisha amesikia tu kwa mtu. Imepimwa: kitu kilichochanganywa na pombe kikichemka taratibu dakika 15 inabaki karibu asilimia 40, na hata ukichemsha masaa mawili na nusu bado inabaki karibu asilimia 5. Kwa hiyo kama hutaki, usiweke toka mwanzo, na usimpikie mteja bila kumwambia.

Lakini zijue zilivyo ili ubadilishe ukiwa unaelewa. Lionezi ni ya mji wa Lyon, na kwenye menyu ya Kifaransa ukiona chochote kimeitwa lionezi, viazi, maini, chochote, jua kuna vitunguu vilivyokaangwa. Hii ni kinyume cha subizi, vitunguu hapa vinatakiwa vipate rangi ya hudhurungi, halafu inaingia divai nyeupe na siki sawa kwa sawa, inachemka mpaka imebaki theluthi moja, kisha unamwagia mchuzi mweusi mzito wa mifupa ya ng'ombe uliopikwa masaa mengi. Robati ni ya zamani zaidi, iko kwenye kitabu cha upishi cha La Varenne cha 1651, vitunguu, divai, mchuzi mweusi na mwishoni haradali. Ilikuwa inajulikana mpaka kwa watoto, manake kwenye hadithi ya Charles Perrault ya yule binti aliyelala miaka 100, kuna zimwi jike, mama mkwe wa huyo binti, linataka kumla mjukuu wake mwenyewe, na linaagiza apikwe kwa sosi hiyo. Wao robati wanaila sana na nguruwe, wewe weka kwenye mbuzi wa kuchoma, hutajuta.

Divai pale ina kazi moja kubwa, ukali wa kukata mafuta, na kidogo utamu wa tunda. Kwa hiyo badala ya glasi ya divai tia mchuzi mweupe wa kuku kiasi kilekile, vijiko viwili vya siki au ndimu, na sukari kidogo. Ukiwa Arua na ukwaju unapatikana, ukwaju kwenye lionezi mimi naupenda kuliko hata divai yenyewe, ila tia kidogo, kijiko cha maji yake yaliyochujwa, onja, halafu ndo uongeze. Haradali ya robati tia ukishaepua, ikichemka inapoteza ukali wake na kuacha uchungu tu. Na soma kopo kabla hujanunua, haradali zingine zina divai ndani.

Shangazi, umesema sosi nyeupe ni ya Wafaransa. Banange, na eshabwe yetu ya Ankole je? Nyeupe, nzito, laini, na bibi zetu hawajawahi kuona Paris. – Dada wa Mbarara

Dada yangu nakubali mia kwa mia, na nisamehe kama niliandika kama vile weupe ni wa kwao peke yao. Kwa wasioijua, eshabwe inatengenezwa kwa samli ya ng'ombe isiyo na chumvi, inapigwa na maji baridi na chumvi ya mawe mpaka ile njano yote inaondoka inakuwa nyeupe pee, inachujwa, inaliwa na kalo, ule ugali wa ulezi, au matoke, na harusi ya Ankole bila eshabwe watu wataongea mwaka mzima.

Ila siyo ukoo wa beshameli, na hii ndo inanifurahisha. Beshameli imeshikwa na unga. Eshabwe imeshikwa na mkono wa mama, yaani mafuta yamepigwa mpaka yamevunjika matone madogo sana yakakubali kukaa pamoja na maji, na mwanga ukipiga kwenye yale matone unatawanyika, jicho linaona nyeupe. Jamaa yake kwa Wafaransa ni holandezi, ambayo nayo ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kupatana, ila wao wanasaidiwa na kiini cha yai na moto mdogo, bibi yako hasaidiwi na yai wala moto. Tena holandezi ikikatika mpishi wa hoteli analia, na eshabwe ikikatika bibi anaongeza maji baridi anaendelea kupiga.

Ukitazama hivyo, kila mahali watu wametafuta kitu cha kushika mchuzi. Kaskazini huko ni odii, simsim na karanga zilizosagwa, inaingia kwenye mboga za majani kama malakwang na boo, mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Buganda ni karanga, ebinyeebwa. Pwani ni tui la nazi. Na Wafaransa wenyewe, subizi yao ina njia nyingine bila unga kabisa, ambayo Escoffier pia ameiandika: mchele. Vitunguu kilo moja, mchele gramu 100 uliochemshwa dakika tano tu, siagi, funika, moto mdogo saa nzima, na usitie maji, vitunguu vinatoa maji yao mchele unayanywa, mwisho unasaga. Wale walioniandikia kwamba unga wa ngano unawasumbua tumbo, hii ndo yenu. Inakuwa tamu kwa namna nyingine, nzito zaidi, na usipoisaga unaweza kuila hivyohivyo na nyama ya kuchoma kama wali uliolegea.

Shangazi, hiyo sosi na ile supu ya vitunguu ya Kifaransa yenye mkate juu ni kitu kimoja? Halafu naweza kutumia majarini, na ikibaki inakaa siku ngapi? – Msomaji, Gulu

Siyo kimoja. Ile supu vitunguu vinakaangwa mpaka rangi ya kahawa, unatia mchuzi wa nyama, mkate na jibini juu, halafu inachomwa juu mpaka jibini linaungua kidogo. Ilikuwa chakula cha usiku cha wapagazi na wafanyabiashara pale soko kubwa la Paris, Les Halles, kabla soko halijahamishiwa Rungis mwaka 1969, watu wanaanza kushusha mizigo usiku wa manane wanataka kitu cha moto, kama wale wetu wa Kalerwe na katogo yao alfajiri.

Majarini inashika unga vizuri tu, sosi haitakatika, lakini kwenye kupika vitunguu nakuomba tafuta siagi au samli isiyo na harufu kali, manake kitu chenyewe ni vitunguu, mafuta na maziwa, kimoja kikiwa dhaifu utakisikia. Maziwa yawe ya leo. Maziwa ya jana ambayo yameanza kwenda yakikutana na moto na vitunguu yanakatika, na hapo hata blenda haikusaidii.

Ikibaki weka kwenye friji, ipake siagi juu au gusisha karatasi ya nailoni isifanye ngozi, siku tatu. Kupasha tia maziwa vijiko viwili na moto mdogo, usiichemshe kwa nguvu. Na kama huna friji, pika ya siku hiyo tu, iliyobaki usiku huohuo changanya na viazi vilivyopondwa, watoto watamaliza.